Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi ya Aleksandria: mafundi wa mila mbili katika jiwe moja

Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi ya Aleksandria, nchini Misri, yalifunguliwa upya tarehe 11 Oktoba 2023 baada ya milango yake kufungwa tangu mwaka 2005. Miaka 18 ni muda mrefu kwa mji kukaa bila hazina yake kuu, lakini subira hiyo imevuta heri. Yeyote anayejali sanaa na usanifu wa kale anapaswa kuyaweka makumbusho haya katika safari yake, hata kama safari hiyo tayari ina piramidi za Giza na mahekalu ya Luxor. Giza na Luxor humwonyesha mgeni Misri iliyojitosheleza, na Athens humwonyesha Ugiriki iliyojitosheleza. Aleksandria ndipo mafundi wa mila hizo mbili walipolazimika kumtumikia mteja mmoja, wakaamua kwa kila kazi ni sehemu gani ichongwe kwa mkono wa Kimisri na ni ipi kwa mkono wa Kigiriki. Maamuzi hayo bado yanasomeka katika vitu vilivyobaki, na kuyasoma ndiko kunakoifanya ziara hii iwe na thamani ya pekee.

Makumbusho yalianzishwa mwaka 1892 chini ya Mwitaliano Giuseppe Botti, na mwaka 1895 yakahamia katika jengo linalotumika hadi sasa, ambalo limeongezwa na kukarabatiwa mara kadhaa. Uso wa jengo ni wa Kigiriki mtupu: nguzo za mtindo wa Doric, pembetatu ya paa juu yake, na neno la Kigiriki lililochongwa kwa herufi kubwa. Ni uso mzuri, wenye vipimo vya kupendeza, lakini unasimulia nusu ya habari tu. Wasanifu wa mwisho wa karne ya 19 waliitazama Aleksandria kama tawi la Athens lililopandwa ufukweni mwa Afrika, ilhali vitu vilivyomo ndani vinaonyesha mji ambao Misri haikuwahi kuondoka ndani yake. Mgeni akiingia akiwa na picha ya uso huo kichwani, vyumba vya ndani vitamsahihisha haraka, na nadhani ni jambo jema kwamba masahihisho hayo huanza tangu hatua za kwanza.

Ninashauri mtu aingie akiwa na maarifa kidogo ya mila zote mbili, kwa sababu makumbusho haya yanajihusisha hasa na karne zilizomfuata Aleksanda Mkuu, aliyeuanzisha mji mwaka 331 KK. Mchongaji wa Kimisri alianza kazi yake kwa kuchora miraba. Kwa muda mrefu, mtu aliyesimama alipimwa kwa miraba 18 kutoka kwenye nyayo hadi mstari wa nywele kwenye paji la uso, na katika kipindi cha mwisho cha mafarao mfumo huo ukabadilishwa kuwa miraba 21 hadi kwenye kope la juu. Sanamu ilitazama mbele moja kwa moja, mguu wa kushoto ukiwa umetangulia, na mgongo ukiwa umeshikamana na nguzo ya jiwe lilelile. Hata nafasi kati ya mkono na ubavu iliachwa ikiwa imejaa jiwe. Haya yote yalikuwa na sababu. Sanamu ilitengenezwa ili idumu na ipokee sadaka milele, kwa hiyo kila kitu ambacho kingeweza kuvunjika kiliachwa kimeshikamana na mwili.

Wagiriki waliutazama utaratibu huo kwa makini. Sanamu zao za vijana zilizosimama, za miaka ya 600 KK hivi, zina mguu wa kushoto uliotangulia na ngumi zilizokazwa kama zile za Misri, lakini mchongaji wa Kigiriki aliiondoa nguzo ya mgongoni, akatoboa nafasi kati ya mikono na mwili, na kumwacha kijana asimame uchi kwa miguu yake mwenyewe. Kufikia mwaka 480 KK hivi, uzito wa mwili ulikuwa umehamia kwenye mguu mmoja, nyonga imeinama kidogo, na kichwa kimegeuka. Baada ya hapo njia za mila hizi mbili zilitengana kabisa kwa takriban miaka 150, hadi majeshi ya Wamakedonia ya Aleksanda yalipozikutanisha tena katika ufuko wa Misri.

Kitu kimoja katika makumbusho haya kinatosha kuhalalisha safari nzima, nacho ni fahali Apis, sanamu kubwa ya jiwe jeusi iliyopatikana mwaka 1895 katika eneo la hekalu la mungu Serapis. Apis ni mungu wa kale wa mji wa Memfisi, na kati ya pembe zake limekaa duara la jua pamoja na nyoka wa kifalme, alama ambazo kuhani wa zama za mafarao angezitambua mara moja. Ukishuka kutoka kwenye pembe hadi shingoni, mkono unabadilika. Ngozi ya shingo inakunjamana kwa uzito wake, misuli ya bega inaonekana ikivuta chini ya ngozi, na kifua kina upana wa mnyama aliyelishwa vizuri. Huyu ni fahali aliyetazamwa akiwa hai na fundi aliyefunzwa kwa mtindo wa Kigiriki. Chini ya tumbo kuna nguzo ya jiwe inayoubeba mwili, na juu yake kuna maandishi ya Kigiriki yanayoitaja enzi ya Kaisari Hadrian, aliyetawala kuanzia mwaka 117 hadi 138 BK. Mungu wa Misri, kaisari wa Roma na lugha ya Ugiriki wamekutana katika mnyama mmoja. Ninamsihi kila mgeni amzunguke polepole, kwa sababu mtu akimtazama kutoka mbele peke yake huona ishara za ibada tu, na ubavuni ndipo ustadi wa mchongaji unapojitokeza.

Kutoka kwa Apis ni rahisi kumfikia Serapis, mungu ambaye sura yake inarudi mara nyingi katika vyumba hivi. Ibada yake ilikuzwa na Ptolemy I, jemadari wa Aleksanda aliyejitangaza mfalme wa Misri, na jina lake limetokana na Osiris, mungu wa Kimisri wa wafu, na Apis. Sura yake, hata hivyo, ni ya Kigiriki: ndevu nzito kama za Zeus, nywele zinazoshuka kwenye paji la uso, na kichwani chombo cha kupimia nafaka, kwa maana huyu alikuwa pia mungu wa rutuba. Wengi humwelezea Serapis kama hila ya kisiasa ya mfalme aliyetaka kuwaunganisha raia wake, na maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Mungu aliyebuniwa kwa hila tu asingeabudiwa kwa zaidi ya miaka 600, wala ibada yake isingevuka bahari hadi Roma. Ukisimama mbele ya vichwa hivi, na kuona upole uliowekwa machoni na kivuli kilichochongwa kwa makusudi chini ya nyusi, unaelewa kwamba waliovichonga waliamini walichokuwa wakikifanya.

Katika hazina za makumbusho haya kuna pia vibao vya msingi kutoka hekalu la Serapis, ambavyo kwa maoni yangu havipewi sifa vinazostahili katika vitabu vingi vya wageni. Ptolemy III alipojenga hekalu hilo, katika karne ya 3 KK, aliagiza vibao vidogo vya dhahabu, fedha, shaba, kioo na udongo vifukiwe katika pembe za msingi, vikiwa na maandishi ya Kigiriki na ya hiroglifi yanayotangaza ujenzi huo. Kufukia vitu katika msingi wa hekalu ni desturi ya mafarao tangu zamani sana. Hivyo jengo ambalo nguzo zake zilikuwa za mtindo wa Kigiriki lilizaliwa kwa ibada ya Kimisri, mahali ambapo hakuna mpita njia angeweza kuiona. Mfalme hakuwa akimwonyesha mtu yeyote. Alifanya hivyo kwa sababu hekalu lisilo na vibao vya msingi, katika nchi ile, halikuwa limekamilika.

Sanamu za marumaru zinadai jicho la subira. Misri ina graniti ya Aswan, ina mawe meusi magumu na mawe ya chokaa kwa wingi, lakini haina marumaru nyeupe ya kufaa kwa sanamu kubwa. Wachongaji wa Aleksandria waliinunua kutoka visiwa vya Ugiriki na kuileta kwa meli, na kwa kuwa ilikuwa ghali walijifunza kubana matumizi yake. Walichonga uso na shingo kwa marumaru, kisha wakamalizia nywele, kisogo na hata ndevu kwa plasta iliyopakwa rangi. Plasta hiyo imedondoka. Ndiyo maana baadhi ya vichwa vina sehemu ya juu iliyokatwa bapa au iliyochongwa kwa ukali, na mgeni asiyejua hudhani vimevunjika au kwamba fundi alichoka. Ukijua sababu, kila kisogo kilichokatwa kinakuwa ushahidi wa bei ya jiwe, wa safari ya meli na wa akili ya fundi. Katika makumbusho mengine ya sanaa ya Kigiriki mtu anaweza kutosheka na upande wa mbele, lakini hapa anayekosa kuzunguka nyuma amekosa nusu ya somo.

Rangi nayo isisahauliwe. Sanamu ndogo za wanawake zinazoitwa Tanagra, kwa jina la mji wa Ugiriki ambako nyingi zilipatikana katika karne ya 19, zilifinyangwa pia Aleksandria na kuzikwa pamoja na wafu katika makaburi ya Chatby na Hadra. Zilitengenezwa kwa udongo uliokandamizwa ndani ya kalibu, zikachomwa, zikapakwa weupe, kisha rangi ya waridi au buluu ikawekwa baada ya kuchomwa. Kwa kuwa rangi haikupita motoni, haikushika vizuri, na iliyobaki ni mabaki tu kwenye mikunjo ya nguo. Mabaki hayo yanatosha kuondoa dhana kwamba Wagiriki walipenda weupe mtupu. Mwanamke mmojawapo amejifunika shuka hadi kidevuni, mwingine amegeuza uso kana kwamba ameitwa. Ni kazi ndogo za mafundi ambao majina yao hayajulikani, na mimi ningezitazama siku nzima.

Mozaiki mashuhuri inayotoka Thmuis, katika delta ya mto Nile, haihitaji utetezi wangu. Inaonyesha kichwa cha mwanamke mwenye macho makubwa, amevaa kofia yenye umbo la omo ya meli, na wataalamu wengi wanamtambua kama Berenike II, malkia wa Ptolemy III. Fundi Sophilos aliitia jina lake takriban mwaka 200 KK. Vijiwe ni vidogo kiasi kwamba kutoka mbali vinaonekana kama rangi iliyopakwa kwa brashi. Shauri langu ni moja: itazame kwanza kutoka mbali, kisha sogea hadi mashavu yageuke kuwa safu za mawe ya rangi mbalimbali, ndipo utakapoona jinsi kivuli kilivyojengwa.

Ipo pia kazi ya vijijini ambayo inatoa sura tofauti kabisa na ya jumba la kifalme. Kutoka Theadelphia, katika eneo la Fayum, yameletwa mabaki ya hekalu la Pnepheros, mungu mamba, pamoja na machela ya mbao iliyotumika kumbeba mamba katika maandamano ya ibada. Lango la hekalu hilo lina maandishi ya Kigiriki ya mwaka 137 KK, yanayomtaja raia wa Aleksandria kama mfadhili. Raia mwenye fahari ya mji wa Kigiriki alitoa mali yake kumjengea mamba nyumba, na aliijenga kwa umbo la Kimisri, kwa sababu mungu yule alikuwa na desturi zake na mfadhili aliziheshimu. Wanaopita haraka kuelekea vichwa vya wafalme hupoteza ushahidi huu, ambao unaeleza maisha ya wakati ule vizuri zaidi kuliko vichwa hivyo.

Upungufu mkubwa wa makumbusho haya si kosa la walioyapanga. Usanifu hauingii katika chumba. Mnara wa taa wa Pharos, uliojengwa katika enzi ya Ptolemy II na kuhesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya kale, uliangushwa na matetemeko ya ardhi, na mahali pake pakajengwa ngome ya Qaitbay katika karne ya 15. Majumba ya wafalme yamezama katika bandari ya mashariki. Hekalu la Serapis lilibomolewa mwaka 391 BK. Hata mozaiki ya mbwa aliyeketi kando ya chombo cha shaba kilichopinduka, ambayo wengi huitaja pamoja na ya Berenike, iko katika makumbusho ya Maktaba ya Aleksandria, mahali ilipofukuliwa mwaka 1993 wakati wa ujenzi wa maktaba hiyo. Mtu akiishia ndani ya makumbusho ataondoka akiwa ameona vichwa, vyungu na sarafu, bila kujua vilisimama katika vyumba vya namna gani. Kwa hiyo tathmini yangu ni ya ziara yenye sehemu mbili, na sehemu ya pili iko katika mtaa wa Karmouz.

Pale kwanza inasimama nguzo inayoitwa ya Pompey, ingawa haina uhusiano wowote na Pompey, jemadari wa Roma. Iliinuliwa kwa heshima ya Kaisari Diocletian karibu na mwaka 300 BK. Shina lake ni kipande kimoja cha graniti nyekundu ya Aswan, na pamoja na kitako na taji nguzo nzima inakaribia mita 27. Taji ni la mtindo wa Kigiriki, jiwe ni la mafarao. Ndiyo alama kubwa pekee iliyobaki imesimama kwenye kilima cha Serapis, na mgeni aliyekwisha kumwona Apis atafurahi kujua kwamba yuko mahali fahali huyo alipotoka.

Si mbali kutoka hapo kuna makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el-Shoqafa, yaliyogunduliwa mwaka 1900, na hapa ndipo kila nilichosema kuhusu sanamu kinageuka kuwa jengo. Ngazi inashuka kwa kuzunguka shimo pana ambalo maiti ziliteremshwa kwa kamba. Chini kuna chumba chenye viti vya mawe, ambako ndugu wa marehemu walikula chakula cha kumbukumbu kwa desturi ya Kigiriki na Kirumi. Kisha linatokea kaburi kuu, la karne ya 1 au ya 2 BK, likiwa limechongwa kama uso wa hekalu. Vichwa vya nguzo vimejaa majani ya Kimisri, jua lenye mabawa liko juu ya mlango, na juu yake kuna safu ya meno madogo ya mawe ambayo ni mapambo ya Kigiriki. Katika vishubaka vya pembeni wamesimama mwanamume na mwanamke: miili imekazwa kwa mkao wa Kimisri, mguu mmoja mbele, lakini nyuso na nywele ni za watu halisi wa enzi ya Kirumi. Fundi aliamua kwamba mwili ulipaswa kuwa wa milele na uso ulipaswa kuwa wa mtu fulani, na uamuzi huo unaeleza imani ya wateja wake vizuri kuliko maandishi yoyote.

Kando ya mlango nyoka wawili wamevaa taji la Misri ya Juu na ya Chini, huku wakibeba fimbo za Hermes na Dionysos, na juu yao kuna ngao zenye uso wa Medusa, kiumbe wa kutisha wa hadithi za Kigiriki. Ndani, Anubis, mungu wa Kimisri wa mazishi mwenye kichwa cha mbweha, anamhudumia marehemu aliyelala juu ya kitanda cha simba, na chini ya kitanda ipo mitungi mitatu ya viungo vya ndani, ingawa desturi ilitaka minne. Ukigeuka kutoka, Anubis mwingine anakulinda akiwa amevaa deraya ya askari wa Kirumi. Mitungi mitatu inanifikirisha kuliko ngao zote. Inawezekana fundi alikosa nafasi, na inawezekana pia kwamba aliijua picha bila kuzijua kanuni zake zote, kwa kuwa ilikuwa imepita mikononi mwa vizazi vingi. Katika sehemu nyingine ya makaburi haya, mwanga wa urujuanimno ulisaidia kufichua michoro iliyokuwa imefifia: ukuta mmoja una safu mbili, juu Anubis akimwandaa marehemu kwa desturi ya Kimisri, chini Persephone akitekwa na mungu wa kuzimu kwa hadithi ya Kigiriki. Familia hiyo haikuona haja ya kuchagua. Maji ya ardhini yaliyatishia makaburi haya kwa miaka mingi, na mradi wa kuyashusha, uliofadhiliwa na Marekani, ulizinduliwa mwaka 2019.

Kuhusu mpangilio wa siku, ningeanza na makumbusho asubuhi, macho yakiwa bado mapya, na kuyapa saa tatu kamili, kisha ningekwenda Karmouz mchana. Kinyume chake hakifai, kwa sababu anayeshuka makaburini bila kumwona Apis na Serapis huyaona mapambo kama mchanganyiko wa ajabu tu. Mwenye magoti dhaifu ajue kwamba ngazi za Kom el-Shoqafa ni nyingi na hewa chini ni nzito. Kwa mtoto wa shule, mamba wa Fayum na nyoka wenye taji watamvutia kuliko vichwa vya wafalme, na hakuna ubaya kuanza naye hapo. Mwanafunzi wa usanifu atabeba daftari la kuchorea, kwa kuwa kuchora ndiyo njia ya haraka ya kugundua mahali mila moja inapoishia na nyingine inapoanza.

Na mwenye siku za ziada apande treni kuelekea kusini hadi Edfu. Hekalu la Horus lililopo huko lilianzishwa mwaka 237 KK na Ptolemy III, mfalme yuleyule aliyefukia vibao vya dhahabu chini ya nguzo za Kigiriki za Aleksandria, na huko jengo alilolianzisha, likakamilishwa na warithi wake, ni la Kimisri kitupu: minara miwili ya lango yenye urefu wa mita 36 hivi, ua wenye nguzo, na vyumba vinavyozidi kuwa vya chini na vya giza kadiri unavyokaribia patakatifu. Edfu ina karibu kila kitu ambacho makumbusho ya Aleksandria hayawezi kukionyesha, yaani paa, kuta na mwanga wa jengo zima la enzi hiyo.